Nilivyoambiwa "hapa si maktaba" nikimchagulia mama yangu yogati

"Hapa si maktaba, mama. Nunua, au uwapishe wenzako."

Maneno hayo niliambiwa mbele ya mama yangu mzazi, katika duka moja la vyakula hapa Malindi ambalo sitalitaja, na tangu siku hiyo hayajanitoka moyoni. Nilikuwa nimechutama mbele ya friji, kikombe cha yogati mkononi, nikimsomea mama yaliyoandikwa ubavuni mwake, kwa sababu yeye Kiingereza hakisomi na maandishi yenyewe ni madogo mno hata kwa mwenye macho mazima. Kijana wa duka alikinyakua kile kikombe, akakirudisha mahali pake, akafunga mlango wa friji kwa kishindo. Mama alinishika mkono akasema, "Twende zetu, mwanangu," nasi tukatoka bila kununua kitu.

Sikuwa nikisoma kwa kupoteza wakati. Mama ana presha ya miaka mingi, na si zamani alipoambiwa kwamba sukari nayo imepanda. Mtaalamu wa lishe hakumkataza maziwa. Alimwambia aendelee nayo kwa ajili ya mifupa, maana glasi ya robo lita ina miligramu zipatazo 300 za kalisi, lakini achague yasiyotiwa sukari na awe mwangalifu na jibini. Mimi nikadhani nimeelewa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimnunulia, katika duka hilohilo, yogati ya vanila iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina mafuta kidogo, na kila siku baada ya swala ya magharibi alikuwa akila kikombe kizima huku nikimshukuru Mungu kwamba amepata kitu anachokipenda kisichomdhuru. Siku niliyokigeuza kile kikombe na kusoma upande wa nyuma, nilikaa kitako jikoni nikalia. Kilikuwa na gramu 13 za sukari katika kila gramu 100.

Maziwa yana sukari yake ya asili, inayoitwa laktosi, ambayo ni karibu gramu 5 katika kila gramu 100, kwa hiyo hata yogati isiyotiwa kitu itaonyesha 4 au 5 kwenye mstari wa sukari. Kinachozidi hapo ndicho kilichoongezwa kiwandani. Kikombe cha mama kilikuwa cha gramu 150, maana yake alikuwa akila gramu 12 hivi za sukari ya kutiwa, sawa na vijiko vitatu vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema ni bora zaidi mtu mzima asivuke takriban gramu 25 kwa siku nzima. Karibu nusu ya kiasi hicho nilimlisha mimi kwa mkono wangu, katika chakula nilichokiita dawa. Mafuta yalikuwa machache kweli, na hakuna aliyenidanganya kwa neno lililoandikwa. Ila mafuta machache hayana uhusiano wowote na sukari, na mara nyingi utamu huongezwa ili kufidia malai yaliyotolewa. Baada ya hapo niliapa kwamba haingii kitu cha maziwa nyumbani kwangu bila kusomwa.

Siku ile ya maneno, yogati ilikuwa nusu tu ya shughuli iliyotupeleka. Nilitaka pia kulinganisha jibini. Vile vipande vya jibini vinavyofungwa kimoja kimoja kwa nailoni, ambavyo mama alijifunza kwa wajukuu wake kuvitia ndani ya mkate, vilikuwa na miligramu 1,200 za sodiamu katika kila gramu 100. Lebo nyingi hutaja sodiamu badala ya chumvi, na ili kuijua chumvi yenyewe inabidi uzidishe kwa 2.5, kwa hiyo hapo ni gramu 3. Vipande viwili vya gramu 20 kila kimoja vinampa mama gramu 1.2 za chumvi, karibu robo ya gramu 5 ambazo mtu mzima anashauriwa asizifikie kwa siku, kabla hujahesabu mkate wala mchuzi, na Mwenyezi Mungu aepushe kama siku hiyo kuna ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Mji wetu una bahati ya kuwa na Waitaliano walioishi hapa kwa miongo mingi, kwa hiyo jibini laini nyeupe ya aina ya mozarela si kitu cha ajabu kwetu, nayo kwa kawaida ina chumvi ndogo kuliko vipande vya nailoni. Lakini kando yake utaikuta nyingine, nyeupe vilevile, inayokaa katika maji ya chumvi, ambayo huenda ikawa na chumvi nyingi kama vile vipande au hata kuvizidi. Kwa macho hazitofautiani sana. Anayetaka kumchagulia mgonjwa afanyeje, kama si kusoma?

Nakiri kwamba mlango wa friji ulikuwa wazi kwa muda, na joto la Malindi linajulikana. Angeniambia, "Mama, samahani, tafadhali funga mlango kisha usome," ningefunga na kumwomba radhi. Hakutaja mlango. Alitaja maktaba, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, na watu wawili wakacheka. Mtoto wa pwani, aliyefundishwa kutoa shikamoo kabla ya kufundishwa kuhesabu, hamfokei mtu mbele ya mama yake. Mwenye duka, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa kwenye kaunta akipanga noti. Aliinua uso, akatutazama, akaendelea kupanga noti. Hilo liliniuma kuliko maneno ya kijana.

Nilipoanza kuandika haya nilikusudia kuwaambia msiingie humo kabisa. Hata hivyo haki ni haki. Duka lile lina jenereta, kwa hiyo umeme ukikatika maziwa hayachachi, na sijawahi kukuta humo kitu kilichopita tarehe yake. Tena maziwa lala yao yasiyo na sukari ndiyo yaliyotuokoa, kwani viungo vyake ni viwili tu, maziwa na chachu yake, na mama huyala kwa vipande vichache vya embe boribo bila kuikumbuka vanila. Mjihadhari tu, kwa sababu pakiti ya maziwa lala yenye sukari inafanana nayo kwa rangi na tofauti ni neno moja. Kwa bidhaa peke yake, basi, ningesema nendeni.

Nami nilirudi juzijuzi, peke yangu. Nilichukua pakiti mbili za maziwa lala bila kusoma, kwa kuwa lebo yake sasa naijua kwa moyo, nikalipa kwa kijana yuleyule. Aliniambia kwa tabasamu, "Karibu tena, mama." Hakunikumbuka hata kidogo. Nilisimama nje ya mlango na pakiti zangu nikitetemeka, maana mama yangu yeye hajasahau. Kabla ya siku ile alikuwa ameanza kuufurahia ukaguzi wetu, akinitolea vikombe mwenyewe na kuniuliza, "Na hiki je, kina ngapi?" Sasa nikimwambia twende dukani hukataa, husema nimchukulie chochote nitakachopata naye atakila. Mgonjwa ni yeye, na yeye ndiye aliyeona haya.

Kwa hiyo nayafuta niliyoyasema kuhusu jenereta. Maziwa lala yapo kwingine. Siku hizi napanda tuktuk hadi duka la mbali zaidi, lenye friji moja ndogo na aina tatu tu za yogati, mbili kati yake zikiwa tamu kupita kiasi. Mara ya mwisho nilipohangaika na maandishi, bibi muuzaji alivua miwani yake akaniazima, akangoja hadi nikamaliza. Nimemsimulia mama habari ya miwani ile mara mbili. Jana aliniuliza nauli ya tuktuk hadi huko ni kiasi gani.