"Ikitoka shufwa, itakuwa 6": njia mbili za kupima

Dadu linarushwa. Kauli hiyo ina uwezekano gani?

Mantiki ya vitabuni huihesabu kuwa kweli hata shufwa isipotoka. Kwa hiyo 1, 3 na 5 zinapita bure, na 6 inapita kwa haki yake: 4 kati ya 6. Ukarimu wa ajabu, kusema kweli.

Mwanafalsafa Mwingereza Frank Ramsey, mwaka 1929, alipendekeza tuchukulie kwanza kwamba sharti, yaani "ikitoka shufwa", limetimia. Zinabaki 2, 4 na 6, basi ni 1 kati ya 3. Mimi niko upande wake.

Majaribio ya mwanasaikolojia Jonathan Evans na wenzake, 2003, yalikuta wengi wanaelekea huko, ingawa baadhi walipima mambo yote mawili kutokea pamoja. Hapa, 1 kati ya 6.