Kipimo cha betri botini: kipi ununue kwanza

Anza na kipimo chenye shanti na skrini yake, kama Victron BMV-712. Shanti ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo mno. Hii ya ampea 500 hutoa milivolti 50 mkondo ukifika kikomo, na kipimo hujumlisha ampea-saa zinazoingia na kutoka. Skrini hufungwa karibu na usukani, na relei yake (swichi inayojiendesha kwa umeme) inaweza kuwasha king'ora betri ikishuka.

Cha pili ni SmartShunt: hupima vilevile, ila haina skrini wala relei. Unaisoma kwa simu kupitia Bluetooth. Boti ndogo haihitaji zaidi, mradi simu ina chaji.

Vipimo vya bei nafuu vyenye shanti ya ampea 100 ni vya tatu. Taa, redio na friji sawa. Winchi ya nanga na staata visipitie humo.

Sensa ya Hall, inayopima mkondo kwa usumaku wake, huvalishwa kebo bila kukata kitu, lakini sifuri yake huhama joto likibadilika. Ikikosea nusu ampea tu, kwa siku nzima ni ampea-saa 12 za uongo.

Voltimita pekee ni ya mwisho. Betri ya risasi ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu 12.7 ikijaa na 12.2 ikiwa nusu, lakini botini ni lini betri inapumzika? LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu, ndiyo kabisa: volti zake hazisogei sana hadi ikaribie kuisha.

Hata kipimo bora hudanganya kikifungwa vibaya. Ncha hasi ya betri ibaki na kebo moja tu, inayokwenda kwenye shanti. Hasi nyingine zote, za chaja, sola, alteneta na pampu ya ngama, zihamie upande wa pili wa shanti. Waya wa sola ukisahaulika kwenye betri, chaji yake haihesabiwi, na utaambiwa betri imeisha ilhali imejaa. Kaza bolti vizuri. Iliyolegea hupata moto.

Kisha weka ujazo wa betri, namba ya Peukert, inayoonyesha betri inavyotoa pungufu mkondo ukiwa mkubwa (takriban 1.25 kwa risasi, 1.05 kwa lithiamu), na volti ya kujaa iliyo 0.2 hadi 0.3 chini ya ile ambayo chaja huishikilia betri ikishajaa (float). Ukiizidisha, kipimo hakirudi asilimia 100 na makosa yanalimbikizana. Ukiishusha mno, kitatangaza imejaa mapema. Betri ikichakaa, punguza na ujazo ulioandika.