Chungu cha bonsai hapa Goma: kipi ununue, kipi uache

Bonsai ni mti unaolelewa chunguni ubaki mdogo. Kabla ya kuuliza bei ya chungu chake, kipindue utazame tako. Mama muuzaji atakucheka, maana wateja wengine wote hutazama rangi. Mimi rangi ilinigharimu mti. Nilinunua bakuli la kijani linalong'aa, lisilo na tundu hata moja, nikajiambia kokoto za chini zitatosha. Mvua ilipokolea, fikasi niliyoilea miaka minne ikaanza kupukutisha majani. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inanuka mtaro.

Basi matundu kwanza: mawili mapana, na vitundu vidogo vya kupitishia waya wa kufungia mti. Kisha viguu, ili hewa ipite chini. Vipimo vyake si siri: urefu wa chungu, upande hadi upande, uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti, na kina kikaribie unene wa shina pale linapotoka udongoni. Mti wa sentimita 45 wenye shina la sentimita 4 unataka chungu cha sentimita 30 hivi, kina cha 4 au 5.

Cha kwanza kwangu ni chungu cha udongo wa kuchomwa, kisicho na mng'ao wa kioo. Kinapumua, kinakausha maji ya ziada, na rangi yake ya kahawia haishindani na mti. Wenye kufinyanga wamezoea vyungu vya kina, kwa hiyo agiza kipana na kifupi, na utoboe matundu udongo ukiwa bado mbichi. Ubaya wake ni kiu. Mahali ambapo maji huja kwa bidoni, kumwagilia kila asubuhi si jambo dogo.

Cha pili ni chetu kabisa: jiwe la volkano. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na tangu hapo tunajengea mawe hayo hayo. Tafuta fundi wa mawe, mchagulie jiwe lenye vishimo vingi, jepesi kuliko linavyoonekana, alichimbe kwa tindo na kulitoboa hadi chini. Mizizi hulishika utadhani imezaliwa humo. Mafundi wengi watakuuliza mara mbili kama una akili timamu. Lipa nusu kwanza. Kubwa likikushinda, ita chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Mti ukiwa bado mchanga, usinunue kitu. Laza bidoni ya lita 20, kata ubavu wa juu, toboa wa chini, mti unenepe humo miaka kadhaa. Chungu cha kina kifupi hupunguza kasi ya shina kunenepa, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: wanataka picha kabla ya mti.

Simenti naiweka nyuma. Ni rahisi, lakini ni nzito, na ikiwa mpya hutoa chokaa ndani ya maji. Iloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, la sivyo miti ya maua ya azalea, isiyopenda chokaa, haitakusamehe.

Vile vya kutoka nje, vya Yixing nchini China au Tokoname nchini Japani, ni vizuri mno. Lakini sehemu ya bei yake ni kule kuchomwa kwa moto mkali, ambako husaidia chungu kisipasuke wakati wa barafu. Goma barafu iko wapi? Nunua kimoja tu, chenye rangi, kwa ajili ya bogenvilia inayochanua, na hakikisha ndani hakijapakwa mng'ao.

Ukifika nyumbani na chungu cha udongo, kizamishe ndani ya beseni mpaka kiache kutoa mapovu. Kikiwa kikavu kitakunywa maji ya mti. Matundu yafunike kwa wavu wa dirishani. Wa chandarua una macho madogo mno, huziba.