Mazoezi ya Wazee Kando ya Ziwa, Mwanza

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikimsindikiza mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, kwenye kikundi cha mazoezi ya wazee kinachokutana alfajiri karibu na Capri Point, na naona huduma yake inastahili ada inayotozwa. Kwanza mwalimu humpima kila mmoja shinikizo la damu, jambo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 ililitaja shinikizo la juu miongoni mwa vihatarishi 14, ambavyo udhibiti wake ungeweza kuzuia au kuchelewesha takriban asilimia 45 ya visa vya dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, duniani. Baada ya matembezi wazee hucheza bao; juzi nilimwona mama ameshika kete mbili kiganjani, midomo ikihesabu kimyakimya, kabla ya kula kete tisa za jirani yake. Kasoro ni chai, inayoletwa na sukari nyingi mno ilhali kisukari nacho kimo katika orodha hiyo. Uwezo wa kusikia, ambao kupungua kwake pia kumo, haupimwi kabisa, nami nimemwomba mwalimu alifikirie hilo.