Uzoefu wangu katika darasa la jioni la Kiingereza cha mwanzo, Mombasa

Nimemaliza ngazi ya kwanza ya Kiingereza katika kituo kimoja cha masomo ya jioni kilichoko Majengo, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watu wazima wenzangu wanaokisikia Kiingereza kila siku na kukifahamu nusunusu, lakini wanaposemeshwa hukosa la kujibu. Mimi nauza leso katika Mtaa wa Biashara. Wateja wangu wengi ni watu wa Pwani ambao tunasikizana kwa Kiswahili, ila wageni wanaotoka kuzuru Fort Jesus huingia pia dukani na kuuliza bei, kitambaa kimetengenezwa kwa nini, na kwa nini siuzi kipande kimoja. Vilevile, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imevifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili, fomu nilizowahi kujaza benki zilikuwa za Kiingereza. Kwa maoni yangu kituo hiki kinastahili ada yake kwa sababu moja kubwa: kinamfanyisha mwanafunzi mazoezi ya sentensi chache mpaka zikae ulimini, badala ya kumrundikia kanuni.

Ada ni shilingi 2,500 kwa mwezi, hulipwa kwa M-Pesa. Masomo huanza baada ya swala ya Isha, na mwezi wa Ramadhani huhamishiwa Jumamosi asubuhi, mpango ambao ulitufaa sana sisi wenye maduka. Ngazi yenyewe inafuata ile inayoitwa A1, ya chini kabisa kati ya ngazi sita za vipimo vya lugha vilivyochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Anayeifikia anatarajiwa kujitambulisha, kuuliza na kujibu maswali mepesi juu ya makazi yake, jamaa zake na vitu alivyo navyo, na kuzungumza na mtu anayesema polepole na kwa uwazi.

Kiini cha mafunzo ni zoezi ambalo mwalimu wetu huliita kugeuza. Huandika ubaoni sentensi fupi, tuseme «She sells cloth», kisha mwanafunzi anayeitwa huigeuza kuwa swali, «Does she sell cloth?», anayefuata huikanusha, «She doesn't sell cloth», mwingine huipeleka wakati uliopita, «She sold cloth», na mwingine huuliza, «Did she sell cloth?» Hakuna kuandika mpaka mzunguko umekamilika kwa mdomo. Kwa kurudia hivyo niliona jambo ambalo miaka ya shule ya msingi haikuwahi kunionyesha: ile «s» ya nafsi ya tatu umoja haipotei sentensi inapokuwa swali, bali huhama kutoka kwenye kitenzi kikuu na kwenda kukaa kwenye kitenzi kisaidizi, na alama ya wakati uliopita hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana «sold» hurudi kuwa «sell» mara tu «did» inapoingia. Alama hukaa mahali pamoja tu. Sisi ambao kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na ukanushi kwa pamoja tunahitaji kuuzoeza ulimi utaratibu huo, na sidhani kama kukariri jedwali peke yake kungenifikisha hapo. Hata vitenzi visivyofuata kanuni tulifundishwa kwa makundi ya mlio, «sell» na «tell» pamoja, «buy» na «bring» pamoja, halafu «cut», «put» na «cost» ambavyo havibadiliki kabisa.

Kutofautisha «he» na «she» kuliwasumbua wengi darasani, kwa kuwa kwetu wote ni yeye, na mwalimu alitumia picha kila siku mpaka tukazoea. Matumizi ya «a» na «the» yalipitiwa upesi mno. Ningependa yaongezewe muda.

Upande wa msamiati, kila mtu huleta maneno ya kazi yake. Darasani mwetu kulikuwa na dereva wa tuktuk, mama anayeuza achari, na kijana anayesafisha wodi hospitalini, na kila mmoja aliondoka na daftari tofauti. Neno haliandikwi peke yake, huandikwa pamoja na maneno linayoandamana nayo, hivyo mimi sikuandika tu pamba wala doti, bali «made of cotton» na «They are sold in pairs». Maneno ya wiki za mwanzo hurudishwa ghafla wiki nyingi baadaye, na utaratibu huo ndio uliyafanya yasinitoke. Kwa kusikiliza nyumbani tulielekezwa kwenye vipindi vya Kiingereza chepesi ambavyo Sauti ya Amerika ilivianzisha mwaka 1959, vyenye msamiati wa msingi wa maneno yapatayo 1,500 na vinavyosomwa polepole kuliko habari za kawaida. Rekodi zake zinapatikana bure kwenye intaneti, na ninazisifu kwa dhati, hasa kwa mtu anayeweza kusikiliza huku akikunja mali dukani.

Kuna mambo yanayohitaji kurekebishwa. Karatasi za mazoezi ni nakala zilizotolewa kwenye kitabu cha wanafunzi wa Ulaya, kwa hiyo tulifundishwa theluji, majani ya vuli na treni za chini ya ardhi kabla ya kufundishwa bandari, kivuko na mvua za masika. Mwalimu anayeweza kutunga mazoezi mazuri ubaoni anastahili kupewa nafasi ya kutunga na karatasi pia. Jambo la pili ni idadi ya watu. Miezi ya mwanzo tulikuwa wachache na kila mmoja aliitwa mara nyingi; baadaye madawati yakajaa, na waliokaa nyuma wakawa wanaweza kumaliza kipindi bila kufungua kinywa, jambo linaloliharibu zoezi la kugeuza kabisa. Kazi za kuandika nazo zilicheleweshwa kusahihishwa.

Anayetaka kujiandikisha aombe kwanza kuhudhuria kipindi kimoja, ahesabu watu waliomo, na atazame kama wanafunzi wanasema au wanamsikiliza mwalimu tu. Na mwenye haja ya kuandika barua za kazi ajue kwamba ngazi hii haitamfikisha huko, kwani uandishi wa barua na wa kuagiza mali huanza katika ngazi ya pili, ambayo nimekwisha kuilipia na itaanza baada ya Idi.