Tiketi ya Nairobi–New York: ipi ununue, ipi uiache

Kutoka Nairobi hadi New York ni takriban kilomita 11,840 ukipima njia fupi kabisa ya angani. Umbali ni huo huo kwa kila abiria, lakini tiketi mbili za siku moja zinaweza kupishana kwa saa kumi na zaidi. Kwa hiyo kabla hujatazama nauli, tazama jumla ya saa tangu kuruka JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, hadi kutua.

Ya kwanza kwangu ni ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, safari iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege inayorudi. Mara nyingi nauli yake iko juu. Lakini ukimkatia tiketi mama anayekwenda kumwona mjukuu, na hajawahi kupanda ndege, ilipie tu. Hatahangaika kutafuta geti katika uwanja mgeni usiku wa manane. Kama miguu yake huvimba, amwone daktari kwanza, na mchagulie kiti cha kwenye njia aweze kuinuka bila kuamsha watu.

Ya pili ni kupitia Amsterdam. Wengi hukimbilia Ghuba kwa kuwa Doha ni saa tano na kidogo tu kutoka Nairobi. Piga hesabu yote: kupitia Amsterdam ni kama kilomita 12,500, kupitia Doha 14,100, kupitia Dubai zaidi ya 14,500. Ukipita Ghuba unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki, kisha unageuka kurudi magharibi. Amsterdam inakukatia safari vipande viwili vya kama saa nane nane, na mwili unashukuru.

Ghuba naiweka ya tatu kwa anayeishia New York. Anayekwenda Dallas, Houston au Seattle aiweke ya kwanza: Emirates na Qatar Airways huruka hadi miji hiyo moja kwa moja kutoka Dubai na Doha. Akipitia JFK, uwanja wa New York, atapanga foleni ya uhamiaji, achukue masanduku yake, apite forodha, ayakabidhi upya, hata kama kibandiko kimeandikwa Dallas tangu Nairobi. Chini ya saa tatu za kuunganisha hapo ni kujitesa.

Addis Ababa ni ya mwisho, ingawa nauli yake huvutia. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege nzito yenye mafuta ya safari ndefu hupata taabu kuruka. Ndiyo maana safari nyingi za Ethiopian Airlines kwenda Marekani hutua njiani, kwa mfano Lomé nchini Togo, na saa zinazidi.

Kabla ya kulipa, soma tarehe vizuri. Ndege ya 00:30 tarehe 12 ni ya saa sita na nusu usiku, kwa hiyo uwe uwanjani jioni ya tarehe 11. Na usikubali wakala akuunganishie tiketi mbili zilizokatwa kila moja kivyake ili kupunguza bei: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na nauli yake imekwenda.