Ufunguo mmoja, kitanda kimoja: siku tano Schöneberg, Berlin

Mimi na mwenzangu tulilala siku tano katika nyumba ndogo ya wageni iliyo ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katika eneo la Schöneberg, jijini Berlin, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Nollendorfplatz. Sisi ni wanaume wawili tuliozoea kuomba vitanda viwili, kuviunganisha usiku na kuvitenganisha alfajiri kabla mhudumu wa usafi hajabisha hodi. Hapa mwenye nyumba alisoma majina yetu, akatukabidhi ufunguo mmoja, akatufungulia chumba chenye kitanda kimoja kikubwa, kisha akauliza kama asubuhi tunakunywa kahawa au chai. Mwenzangu aliketi kitandani na koti lake bado mwilini, akacheka kwa furaha.

Chumba ni safi na shuka zimepigwa pasi. Bafu tulishirikiana na wageni wa chumba cha pili, na maji ya moto yalichelewa kila asubuhi. Lifti hakuna, kwa hiyo mwenye maumivu ya magoti atafute kwingine. Ulizia pia jumla ya gharama, kwa kuwa kodi ya jiji, ambayo tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5, huongezwa juu ya bei ya malazi.

Ninachokithamini zaidi ni mahali penyewe. Mashoga wamekuwa na baa na kumbi zao katika mitaa hii tangu miaka ya 1920, ilhali kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, kilichowapeleka wanaume gerezani, kilifutwa kabisa mwaka 1994 tu. Kwenye ukuta wa kituo pana pembetatu ya jiwe la waridi, iliyowekwa mwaka 1989 kuwakumbuka mashoga walioangamizwa na Wanazi. Mwenzangu aliigusa kwa kiganja, na hatukuondoka hadi treni mbili zilipopita juu yetu.

Kodi za pango zinapanda, na mwenye nyumba alituambia kwa uchungu kwamba majirani wake wengi wa zamani wamehama. Yeye bado yupo, na ninatamani abaki. Anayekwenda Julai, kwa tamasha la mtaa wa Motzstraße au maandamano ya fahari ya mashoga na wenzao yaitwayo Christopher Street Day, aweke nafasi miezi kadhaa kabla, kwani vyumba ni sita tu.